Alternata mpya na belti ya zamani kwenye pikapu

Ukiweka alternata mpya (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) kwenye pikapu, je, ni lazima ubadilishe na belti inayoizungusha? Si lazima, lakini badilisha zote mbili. Belti lazima itoke ndipo alternata ifunguliwe, kwa hivyo gharama ya fundi ni ile ile. Nafanya umeme wa magari hapa Nakuru, na alternata mpya zinarudishwa kwangu eti hazichaji, kumbe belti ndiyo inateleza. Iangalie upande wa mifereji: ikiwa na nyufa, imeng'aa au imelowa oili, hiyo imekwisha. Zungusha pia kwa mkono puli inayokaza belti. Ikikwaruza, nayo ibadilishwe.

Ila kabla hujanunua alternata, pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, kagua fyuzi na waya kwanza. Magari mapya yanayochaji kwa kuongozwa na kompyuta yanaweza kusoma tofauti.

Tafadhali, toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa alternata. Ule waya mnene wa alternata una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Na piga picha njia ya belti kabla ya kuitoa.