Majibu kwa Wasomaji: Sikukuu za Taifa, Huku na Ng'ambo ya Ruvuma

Napeleka bidhaa Msumbiji kupitia Mtambaswala. Nakuta benki na ofisi za kule zimefungwa ilhali kwetu ni siku ya kazi. Nijipange vipi? (Masasi)

Tia alama kwenye kalenda: 3 Februari, 25 Juni, 7 na 25 Septemba, na 4 Oktoba. Tarehe 7 Aprili ni mapumziko pande zote mbili. Kwetu ni Siku ya Karume, kwao ni ya wanawake. Kubwa kuliko zote ni 25 Juni, uhuru wa mwaka 1975. Tarehe hiyohiyo ndipo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake wengi walifunzwa Nachingwea, kwa hiyo watu wa Kusini tuna sehemu yetu katika sherehe ile.

Wengi hukwama Jumatatu. Msumbiji, sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko ya kazi husogezwa hadi kesho yake. Tena miji ina siku zake: Maputo hupumzika 10 Novemba, tarehe ambayo mji huo ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1887. Muulize wakala wako siku ya mji unakokwenda kabla gari halijapakiwa. Na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ofisi inayofunguliwa kwao saa 2 asubuhi, kwetu ni saa 3.

Shule yetu inaandaa igizo la Uhuru. Bango liandikwe "Kuzaliwa kwa Tanzania, 1961"? (Lindi)

Hapana. Iliyopata uhuru 9 Desemba 1961 ni Tanganyika, ikawa Jamhuri siku kama hiyo mwaka 1962. Muungano na Zanzibar ni wa 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Andikeni "Uhuru wa Tanganyika". Bendera ya igizo nayo iwe ya wakati ule: kijani juu na chini, nyeusi katikati, mistari ya njano kati yake, yote ikilala. Bluu isionekane kabisa, maana ilikuja na Muungano.

Nikifanya kazi siku ya Muungano nalipwaje? (Mtwara Mjini)

Mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, bila kuhesabu posho. Kwa wiki ya saa 45, gawa mshahara wa mwezi kwa 195. Wa shilingi 390,000 ni 2,000 kwa saa, hivyo saa 8 za sikukuu ni 32,000. Anayegawa kwa siku 30 hupata kiasi pungufu.