Serengeti: geti gani uingilie? Inategemea mwezi na unakotokea

Mkuu, swali lako nimelisoma. Familia ya watu sita, mnaishi Mwanza, mnataka kwenda Serengeti likizo ya shule ya Juni, mna Land Cruiser ya kuazima, na shemeji yako wa Arusha anasisitiza mwende kwanza kwake ili muingilie geti la Naabi "kama watalii wote". Naona wadau hapo juu wameshaanza kubishana barabara ya geti lipi ni nzuri. Mimi naendesha wageni kanda hii ya ziwa na mageti mengi ya hifadhi hiyo nimeshayapita, kwa hiyo naomba nichangie kwa kirefu kidogo.

Shemeji yako hajakosea kwa upande wake. Ukitokea Arusha, Naabi ndiyo njia ya kawaida: Karatu, unapandisha Ngorongoro, unashuka tambarare, unaingia. Mpaka Seronera, katikati ya hifadhi, ni takriban kilomita 335. Lakini nyinyi mko Mwanza! Kwenda Arusha kwa lami kupitia Shinyanga na Singida ni siku nzima barabarani, halafu kesho yake mnageuka kuendesha tena kurudi upande mliotoka. Geti la Ndabaka liko pembeni kabisa ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, ukishaipita Lamadi kidogo. Mkitoka Mwanza alfajiri, watoto hata njaa haijawauma mmeshafika.

Halafu kuna hela, na hapa ndipo wengi hushtuka wakifika. Ngorongoro na Serengeti ni mamlaka mbili tofauti. Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1959 ikatengwa ili Wamasai waendelee kuishi humo na mifugo yao. Tangu hapo Ngorongoro ina mamlaka yake na Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukipita geti la Loduare unalipia Ngorongoro, watu na gari, hata kama kreta huishuki na shida yako ni kupita tu. Ukirudi kwa njia hiyo hiyo baada ya siku kadhaa, unalipa tena. Kwa mzawa si fedha ya kumlaza mtu macho, lakini kama mna mgeni wa nje kwenye gari, tofauti inaweza kulipia malazi. Ndabaka mnalipa TANAPA peke yake.

Kubwa kuliko yote ni mwezi. Watu wanauliza geti kana kwamba wanyama wanawasubiri pale pale mwaka mzima. Nyumbu wanafuata mvua na majani mapya. Kuanzia Desemba hadi Machi wako kusini, Ndutu na yale mapori ya majani mafupi, na hapo ndipo wanapozalia, hasa Februari. Miezi hiyo hata mimi nikiwa Mwanza nitafikiria upande wa Naabi. Aprili na Mei wanasogea kuelekea katikati. Juni kwa kawaida kundi kubwa linapita ukanda wa magharibi, kwenye Mto Grumeti, yaani njia ile ile inayotoka Ndabaka. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende na Mto Mara. Hakuna askari wa hifadhi atakayekuandikia tarehe, mvua ikichelewa na wao wanachelewa, lakini kwa Juni yenu kuzunguka mpaka Arusha ni kuwakimbia nyumbu mliotaka kuwaona.

Sasa ubaya wa Ndabaka, maana nao upo. Kutoka getini hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100, na mwendo mwisho ni 50 kwa saa. Ukiweka na kusimama kuangalia mamba Kirawira na kuwatafuta mbega kwenye msitu wa mtoni, siku imekwisha. Usimwahidi mtu chakula cha mchana Seronera. Udongo wa huko ni ule mweusi wa mbuga: ukikauka unapita vizuri, ukinyeshewa unajaa kwenye matairi mpaka gari linateleza upande kama limekatwa usukani. Juni mara nyingi pamekauka, ila ulizeni getini kabla hamjaanza.

Na mbung'o. Mtaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa kwenye miti kando ya njia, watoto watauliza ni bendera za nani. Ni mitego. Mbung'o wanapenda rangi hizo, na vitambaa vimetiwa dawa. Kwa hiyo shati la bluu iliyoiva na suruali nyeusi acheni nyumbani, vaeni rangi ya udongo. Mkiingia kwenye miti fungeni vioo mpaka mtoke, hata kama ni joto. Akishaingia ndani ya gari anang'ata juu ya nguo, na kumuua kwa kiganja ni kazi, ni mgumu kweli kweli.

Kama shida yenu hasa ni simba na chui wa Seronera, fikirieni geti la Ikoma. Mnapita Bunda, mnaelekea Natta, mnatokea karibu na kijiji cha Robanda. Kutoka hapo Seronera ni kama saa moja ya mwendo wa utaratibu. Nje ya geti hilo na Mugumu mjini kuna malazi ya bei ya kawaida, ndiyo maana watu wengi wa kwetu wanalipenda. Ila angalieni hili: kibali cha Serengeti ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kulala Robanda, asubuhi unalipa upya. Pigeni hesabu ya malazi ya nje pamoja na kiingilio cha siku ya pili, mlinganishe na kulala kwenye kambi za umma za ndani kwa hema. Mara nyingine cha nje kinachoonekana rahisi si rahisi.

Ushauri wangu kwa Juni: ingieni Ndabaka, mlale ndani, kesho yake mzunguke Seronera, mtokee Ikoma. Hamrudii njia, na saa za kibali mnazitumia kuangalia wanyama badala ya kuzimaliza barabarani. Mageti yanafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na muda wa kibali unahesabiwa kuanzia mlipoingia. Nimeona pale Naabi mchana magari yamejipanga, madereva wamebanana dirishani na makaratasi, wageni wanakula chakula cha boksi huku kwezi wakiokota makombo chini ya meza. Kila mmoja anawahi kutoka kabla saa zake hazijaisha.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, benki au simu. Noti mkononi hawapokei. Lipieni mkiwa mjini, mtandao wa porini hauaminiki. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, bila hicho mtabishana kuhusu bei ya mzawa.

Kuna mdau wa Nairobi ameuliza kama anaweza kupenya kutoka Masai Mara. Hapana, mpaka wa pale umefungwa tangu 1977. Njia yako ni Isebania na Sirari, halafu unachagua: kama ni Agosti, kata kuelekea Tarime na geti la Lamai, unatokea kaskazini kabisa nyumbu walipo. Mwezi wa Juni, shuka na lami mpaka Ndabaka.