Kosa ni la sikio au la ulimi?

SWALI: Mhariri, nilizaliwa na kukulia bara, nikaolewa Mombasa, na huu ni mwaka wa tano tukiishi Kisauni. Mavyaa wangu hucheka kila nitamkapo "paa", akisema eti paa wangu wa porini ameezekwa makuti. Nimemsihi ayatamke maneno yote mawili polepole, nami nasikia neno moja tu. Mwanangu wa miaka mitatu naye husema "tamaki", lakini nikimwiga hukasirika na kunisahihisha: "Si tamaki, ni tamaki!" Je, kasoro iko masikioni au katika ndimi zetu?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Dada, wewe na mwanao mmekwama mahali tofauti. Sikio la mtoto limekwisha kufika. Ulimi ndio ulio nyuma. Asikiapo "tamaki" kinywani mwako hutambua kwamba neno limeharibika, ingawa yeye mwenyewe hajaweza kuipitisha pumzi ya "s" katika mwanya mwembamba ulio baina ya ulimi na ufizi. Jean Berko na Roger Brown wa Marekani waliandika juu ya mtoto wa namna hiyo mwaka 1960, naye pia, kwa sadfa, alishindwa na neno la samaki, kwa Kiingereza. Msimwige, msemesheni "samaki" na mngoje.

Kwako wewe ni sikio. Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, hutenganisha "p", "t" na "k" zenye mpumuo na zisizo nao: paa wa porini hutoka na pumzi, paa la nyumba halina, na ndivyo walivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo (na mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, mwaka 1928), kwa hiyo vitabu vya shule havikukufunza. Sikio nalo huzoea mapema mno. Janet Werker na Richard Tees, katika utafiti wao wa Kanada uliochapishwa mwaka 1984, waliwaona watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa kwa Kiingereza wakitenganisha sauti mbili za "t" za Kihindi zinazowashinda watu wazima wa lugha yao, ilhali wa miezi 10 hadi 12 wengi wao walikuwa wameshaacha.

Wapo waliodai kwamba sikio lenyewe huutegemea ulimi. Alvin Liberman na wenzake walishikilia kuwa tunayatambua matamshi ya mtu kwa kuyalinganisha na mienendo ya kinywa chetu wenyewe. Wazo hilo lina ladha, ila naona lilivuka mpaka, kwani mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller waliwafunza chinchila, wanyama wadogo wa jamii ya panya, kutenganisha "d" na "t", nao wakazigawa sauti hizo karibu pale pale wanapozigawa wasemaji wa Kiingereza. Chinchila hajapata kusema neno maishani mwake.

Hata hivyo viungo hivi viwili havikutengana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Ann Bradlow na wenzake waliwazoeza Wajapani kusikia tofauti ya "r" na "l" za Kiingereza kwa sauti za wasemaji mbalimbali, pasipo kuwafunza kutamka, na matamshi yao yakatengenea pia. Basi anza na kusikia, na usimtegemee mavyaa peke yake. Waombe mawifi na majirani.

Kwanza jionee kwa macho: shika kijikaratasi chembamba mbele ya midomo ya mavyaa. Akimtaja paa wa porini kitapepea; akilitaja paa la nyumba kitatikisika kidogo tu. Kisha mpe mgongo, aseme mojawapo, ukisie, naye akwambie papo hapo kama umepata au umekosa. Dakika chache kila siku zatosha. Utakapoanza kupata mara nyingi kuliko kukosa, geuzeni zamu: wewe useme, yeye aoneshe kwa kidole, juu kwenye makuti au nje kule vichakani.