Shika kopo kwanza, wadogo zangu wa lebo

Juzi nimeona tena lebo ya unga wa lishe yenye kofia ya mpishi, suke la ngano na Mlima Loleza, vyote vimebanwa kwenye duara moja. Aliyeichora ana mkono mzuri, ndiyo maana imeniuma. Vijana wa Mwanjelwa na Uyole hapa Mbeya, nisikilizeni kabla hamjachapa nyingine.

1. Jina likaguliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla hujagusa rangi. Kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara, mwambieni mteja mapema.

2. Shika kopo. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mmoja wa Tukuyu, msagaji wa siagi ya karanga. Alinipa makopo mawili yaliyojaa: "Mwanangu, kaa nayo uone yanavyokuwa." Niliyaweka juu ya kabati, nikakaa na kompyuta. Nikachora lebo ya njano, maandishi membamba ya kahawia, stika ya karatasi. Tukachapa 2,000. Alilipa kwa hela ya mchezo, zamu yake ilikuwa imefika mwezi ule.

Siagi ya karanga isiyotiwa kitu cha kuishika hujitenga. Mafuta hupanda juu, na kopo likilazwa garini hupenya kifunikoni. Baada ya wiki tatu alirudi na katoni nzima. Karatasi ilikuwa imelowa hadi inaonyesha ndani, kahawia ya herufi imezama kwenye kahawia ya karanga. Nafasi ya tarehe ya mwisho wa matumizi sikuiacha, akawa ameiandika kwa maka peni. Alipitisha kidole mbele yangu, tarehe ikaondoka na mafuta. Duka lilikuwa limemrudishia mzigo wote.

Hakunifokea. Alisema tu, "Nilikupa makopo, mwanangu." Nikainua macho. Yalikuwa palepale juu ya kabati, kila moja limekaa kwenye duara lake la mafuta.

Nilimchapia upya stika za plastiki kwa hela yangu. Msimu wake wa mauzo sikuweza kumrudishia.

Basi laza bidhaa, ipake mafuta, itie kwenye friji, kisha iweke rafu ya chini ya duka lenye taa moja, uisome kutoka hatua tatu.

3. Viambato, uzito halisi, anwani, namba ya toleo na tarehe vipangiwe nafasi mwanzo. Alama ya TBS, shirika la viwango, haiwekwi mpaka mteja awe na leseni yake.

4. Mpe mteja faili la vekta, mchoro unaokuzwa bila kuharibika, na rangi za CMYK, zile nne za uchapaji. Picha iliyopita WhatsApp haichapiki vizuri.

5. Usidanganye asili. Mzee mmoja wa Ubaruku alitaka mfuko wake uandikwe mchele wa Kyela, kwa kuwa jina hilo linauza. Nilimwamkia, nikamwuliza shamba liko wapi. Akacheka. Tukaandika UBARUKU, MBARALI, herufi kubwa kuliko nembo, na leo wateja wanauomba kwa jina hilo.

Wewe wa kofia ya mpishi, njoo Jumamosi. Njoo na kilo moja ya huo unga, tuupike uji kwanza.