Kelele, ishara bandia au ishara za kuzuka?

SWALI: Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano hapa Kigoma, nyingi zikiwa za boti za mwalo wa Kibirizi. Ninawaandikia vijana ninaowafundisha kazi maelezo ya Kiswahili, na nimekwama kwenye kisanisi cha masafa cha sehemu, yaani saketi inayozalisha masafa ya redio kwa kuzidisha masafa ya rejea hata kwa namba yenye desimali. Kando ya masafa tunayoyataka huchomoza vilele vidogo ambavyo hatukuviomba. Wenzangu huviita kelele, wengine ishara bandia, nami nimeandika ishara zisizotakiwa. Lipi sahihi? Na je, niseme kuvipunguza au kuviondoa?

JIBU: Ndugu fundi, kwanza hongera kwa neno kisanisi. Kijana aliyesoma usanisinuru shuleni atalielewa mara moja.

Neno la kuacha kabisa ni kelele. Kelele hutapakaa, kwenye skrini ya kichanganuzi, kifaa kinachoonyesha nguvu ya ishara katika kila masafa, utaziona zimeenea chini kama nyasi fupi. Kilele unachokisema kina mahali pake, na unaweza kukitaja kwa tarakimu. Chukua masafa ya rejea, yale thabiti ambayo kisanisi hujipimia kwayo, ya megahezi 10, na unataka 901. Kisanisi hugawa masafa kinayozalisha mpaka yalingane na rejea, na hapa 901 kwa 10 ni 90.1. Kisanisi hakiwezi kugawa kwa 90.1 moja kwa moja, hivyo hugawa kwa 90 mara tisa na kwa 91 mara moja, ili wastani uwe 90.1. Mpangilio huo ukijirudia vilevile, huzaa vilele umbali wa megahezi 1 kila upande: kwenye 900 na kwenye 902.

Sasa tazama tiba yake. Saketi ya deltasigma huvuruga mpangilio huo usijirudie, nguvu iliyokuwa imejikusanya kwenye vilele ikasambaa na kuwa kelele, kisha ikasukumwa mbali na masafa unayoyataka, ambako chujio la kitanzi, lile lililo ndani ya kisanisi na linalopitisha tu yaliyo karibu na masafa hayo, huikata. Kama vilele navyo umeviita kelele, utamwambia kijana kwamba tumegeuza kelele kuwa kelele. Hatakuelewa, na hatakuwa na kosa.

Bandia nalo halifai. Meno bandia, noti bandia, nywele bandia: vyote vimetengenezwa na mtu kwa makusudi vifanane na vya asili. Vilele hivi hakuna aliyevikusudia.

Neno lako, zisizotakiwa, ni zuri ila ni pana mno. Kanuni za redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano huweka chini ya jina hilo makundi mawili: hizi unazoziuliza, na zile zinazomwagika nje kidogo ya ukanda kwa sababu ya urekebishaji wa wimbi lenyewe, yaani kulibebesha sauti au data. Ukilitumia jina la kundi kubwa kwa kundi dogo, utakosa jina siku ya kutenganisha.

Mimi ningeandika ishara za kuzuka. Kuzuka ni kutokea pasipo kutarajiwa, na ndivyo zinavyofanya. Lina faida nyingine pia: hutenganisha ishara zinazozuka ndani ya kisanisi chenyewe na mwingiliano unaotoka kwa redio ya jirani.

Kuhusu kitenzi, sema kupunguza. Kuondoa ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Ukitaka megahezi 900.1 kwa rejea ileile ya 10, uko karibu sana na 900, ambayo ni kigawe cha 10, na ishara ya kuzuka itakaa kilohezi 100 tu kutoka masafa yako. Hapo huwa ndani ya upana wa chujio, nalo huipitisha. Ukibadili rejea ikawa 13, kigawe cha karibu kinakuwa 897, na ishara hiyo inahamia umbali wa megahezi 3.1, ambako chujio hulidhoofisha wimbi lake. Imepungua na imehama, haijatoweka. Kwa hatua kama hii kitenzi kuhamisha kinafaa zaidi, na ningependa vijana wako wakizoee, kwa sababu kinawaambia hasa mkono wa fundi umefanya nini.

Jambo la mwisho ni upatanisho: ishara ya kuzuka, ishara za kuzuka. Maishara, ninayoyasikia kwenye karakana, yasiingie kwenye maandishi yako.