Kabla hujasema umeliona wingu

Wadogo zangu mnaotafuta mwanga hafifu wa mawingu ya haidrojeni yaendayo kasi nje ya diski ya Galaksi yetu, wiki hii nimeletewa spektra tatu (michoro ya mwanga kwa kila kasi ya gesi) zenye kinundu kilekile, na kila aliyeileta alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuandika kichwa cha makala. Nimezirudisha zote. Msinikasirikie. Kinundu hicho tunajuana.

1. Kumbukeni mnatafuta kitu kidogo kiasi gani. Mwaka 1998 watu wa WHAM, mradi wa kupima mwanga wa haidrojeni angani, darubini yao ikiwa bado Kitt Peak huko Arizona, walitangaza H-alfa, mwanga mwekundu wa haidrojeni, kutoka makundi ya mawingu M, A na C, na mwanga wenyewe ulikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya Rayleigh, kipimo cha mwanga hafifu wa anga. Geokorona, haidrojeni ya Dunia yetu hii, inawaka Rayleigh kadhaa. Mnatafuta kibatari pembeni ya karabai.

2. Spektra ya kando, yaani ya anga tupu karibu na wingu, ya kutolewa kwenye ile ya wingu, ichukuliwe mara tu baada ya ile ya wingu, na darubini ikiwa kwenye mwinuko uleule. Mnaniitikia "ndiyo, ndiyo", kisha mnakwenda kuichukua jioni ili usiku mzima ubaki wa wingu. Nawaelewa. Nami nilifanya hivyohivyo.

Nilikuwa na usiku tatu tu. Nikapiga spektra ya kando mapema, wingu nikaliacha hadi baada ya saa sita, likiwa limeshaanza kushuka. Nilipotoa moja kwa nyingine, kikabaki kinundu kizuri kwenye hasi 120, yaani kilomita 120 kwa sekunde kuja kwetu, palepale redio ya sentimita 21, mawimbi ya haidrojeni, inapoonyesha gesi. Upana wake ulifanana na wa gesi yenye joto la nyuzi elfu kumi. Sikulala. Nilimwandikia msimamizi wangu alfajiri, na muhtasari wa mkutano nikautuma kabla hajajibu.

Jibu lake lilikuwa swali moja: "Hasi 120 kwa mfumo gani?" Nikamwambia LSR, bila shaka, yaani kasi inayopimwa kwa kulinganisha na mwendo wa wastani wa nyota zilizo jirani na Jua. Akaniagiza nirudie uelekeo uleule baada ya miezi mitatu. Nikarudia, nikiwa na hakika. Kinundu kilikuwepo, ila kwa LSR kilikuwa kimehama zaidi ya kilomita 20 kwa sekunde. Nilipozichora spektra zote mbili kwa kasi ya kupimwa kutoka Duniani, vinundu vilikaa kimoja juu ya kingine kama nyayo za mtu mmoja. Wingu la angani halijui kwamba Dunia inazunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Mstari hafifu wa angahewa unasafiri nasi, na hung'aa zaidi darubini inapoinama, kwa hiyo spektra yangu ya jioni haikuweza kuufuta. Nilikuwa nimegundua hewa iliyo juu ya kichwa changu.

Kuuondoa ule muhtasari kulinichukua dakika tano. Kumweleza mwenzangu aliyekwisha kuanza kukokotoa mionzi inayovuja kutoka kwenye Galaksi kwa kutumia namba yangu kulinichukua mchana mzima. Alinisikiliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

3. Geokorona hufifia usiku wa manane, kivuli cha Dunia kinapokuwa kirefu. Pangeni zamu kwa kufuata hilo.

4. Msijumlishe spektra za miezi tofauti kabla ya kusafisha angahewa ya kila usiku. Mkishazipeleka kwenye LSR na kuzichanganya, mistari ya angahewa inatawanyika na hamtaikamata tena.

5. Hiyo "kando" yenyewe mnaichagua vipi? Mnaangalia ramani ya redio, mnaona patupu, mnaelekeza darubini. Lakini redio inaona haidrojeni ambayo bado ina elektroni yake. Gesi iliyoionishwa, yaani iliyopoteza elektroni, inaweza kuenea kupita ukingo huo, nanyi mkawa mnalitoa wingu kutoka kwenye wingu. Chagueni kando mbili au tatu, pande tofauti, kisha mzilinganishe zenyewe kwa zenyewe kwanza.

Mmoja wenu, yule wa spektra ya pili, ana usomaji wa miezi miwili na hajauchora kwa kasi ya kutoka Duniani. Auchore leo aniletee. Kinundu chake kiko mbali kidogo na mahali nilipozoea kukiona, na natamani sana kiwe cha kweli.