Likizo ndefu, utafiti, na swali nililochelewa kuuliza

Likizo yangu ndefu ya kwanza nikisomea udaktari iliishia katika kusubiri barua. Nilimwandikia mhadhiri mmoja kwamba nataka kufanya utafiti, akakubali siku hiyohiyo, nikajiona nimeula. Kumbe utafiti wenyewe ulikuwa bado kichwani mwake. Pendekezo lilitumaliza wiki 3, ndipo likaenda kamati ya maadili, inayotoa kibali cha utafiti, na likizo yote ilikuwa wiki 8. Kibali kilitoka nimesharudi darasani, nahangaika na famakolojia.

Tangu hapo, mwanafunzi akiniuliza kama atumie likizo yake kwa utafiti, mimi humuuliza kwanza: kibali kimeshatoka? Kazi inayogusa taarifa za wagonjwa, hata zilizolala miaka kwenye mafaili, sharti ipite kwenye kamati, au kamati yenyewe itamke kwamba haihitaji kibali. Na kamati hukutana kwa ratiba yake, si yako. Kibali kikiwa tayari na data ikiwapo, wiki 8 zinatosha kufanya jambo la maana. Kisipokuwapo, utashinda ukisoma makala za wengine. Wapo wanaokimbilia mapitio ya machapisho wakidhani ni njia ya mkato. Mapitio ya kimfumo, yaani yanayokusanya na kupima kwa utaratibu tafiti zote za swali moja, yakifanywa sawasawa huhitaji angalau watu 2 wa kuchuja makala, kila mmoja kivyake, na kwa kawaida huchukua miezi.

Msimamizi naye usimchague kwa wingi wa machapisho. Mtafute mwanafunzi aliyefanya naye kazi, umuulize barua pepe zilijibiwa baada ya siku ngapi. (Akiguna kabla ya kujibu, umeshajibiwa.) Suala la jina lako kuwamo kati ya waandishi wa makala nalo liongelewe mapema, hata kama unaona aibu. Majarida mengi ya tiba hufuata miongozo ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), na kwa miongozo hiyo kukusanya data peke yake hakukufanyi mwandishi: lazima pia ushiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Rafiki yangu alijaza jedwali likizo nzima, akalikuta jina lake kwenye shukrani.

Kama una somo la kurudia, au umemaliza mwaka hoi, lala. Nasema kwa dhati. Anayewania ubobezi wenye ushindani mkali, kama upasuaji wa ubongo, ana sababu ya kujibana zaidi, ila hata yeye ana likizo nyingine mbele.

Likizo ya pili nilimpata daktari wa watoto mwenye kibali mkononi na mafaili 140 yanayosubiri mtu wa kuyapitia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba takwimu zinanichosha, lakini kusoma historia za wagonjwa naweza kutwa nzima. Ikisiri yetu, yaani muhtasari wa utafiti, ilikubaliwa kwenye mkutano miezi 5 baadaye. Bango la kuonyesha matokeo alilisimamia daktari yule. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye mtihani wa patholojia.